Kumwandikia Mgeni Kelele za Mwaloni: Namna ya Kuchagua Vielezi vya Kiingereza Vyenye Nguvu

Kijana mmoja anayetembeza wageni hapa Mwanza aliniletea ukurasa wa Kiingereza aliouandika kuhusu soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba, akaniomba niupitie kabla hajaupeleka kuchapwa. Kabla ya kuusoma nilimwomba anisimulie kwa mdomo, kwa Kiswahili, kile alichotaka mgeni akione. Akasimulia vizuri mno: mitumbwi inaingia mmoja nyuma ya mwingine, wapagazi wanatumbukia majini chubwi, dagaa wanamwagwa mwaa juu ya turubai, akina mama wanabishania bei, halafu mvua inashuka na kila mtu anakurupuka kuokoa mali yake. Nilipogeukia karatasi nilikuta haya:

"Early in the morning the boats come very quickly. The men carry quickly the heavy buckets. The women shout loudly. Suddenly the rain falls strongly and everybody runs fastly. It is really very beautiful."

Makosa ya sarufi ni mawili matatu tu, na hakuna neno lisiloeleweka. Hata hivyo soko zima limezimika. Jambo la kushangaza ni kwamba limezimika kwa wingi wa maneno yaliyokusudiwa kulichangamsha: sentensi hizo tano zina vielezi tisa, yaani maneno yanayoeleza namna, kiasi au wakati wa jambo, bila kuhesabu neno "early". Mwongozo huu unafuata njia tuliyoipita mimi na kijana huyo tulipokuwa tukiirekebisha aya hiyo. Ukiwa na aya yako mwenyewe, iwe ni tangazo la nyumba ya wageni, insha ya shule au habari ya gazeti, iweke karibu na uifanyie kila hatua kabla ya kwenda kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya kwanza: tafuta nguvu ya sentensi inakaa wapi kwa Kiswahili

Anayezungumza Kiswahili tangu utotoni ana njia zake za kutia nguvu katika maneno, na nyingi kati ya hizo hazina kielezi kinachofanana nazo kwa Kiingereza. Tunatumia tanakali za sauti: mtu huanguka pu, kijiti hukatika kacha, nyumba huwa kimya jii, mtoto hulala fofofo. Tunatumia uradidi, yaani kulirudia neno: harakaharaka, kidogokidogo, mbiombio. Tunatumia pia kitenzi chenyewe, kwa maana "kukurupuka" kumekwisha kubeba ghafla, hofu na kasi kwa pamoja, na hakuhitaji msaada wa neno lingine. Tunapohamia Kiingereza, vyote hivyo huanguka njiani, nasi hujaribu kuziba pengo kwa "very" na "quickly", ambayo ni maneno tuliyofundishwa mapema na ambayo hayajawahi kutuangusha kwenye mtihani.

Kwa hiyo andika sentensi yako kwanza kwa Kiswahili, kama ungemsimulia ndugu yako, kisha ulipigie mstari neno lenye nguvu. Ukishalipata, jiulize nguvu hiyo ni ya aina gani. Hapa ndipo waandishi wengi wanapopita haraka, na kwa maoni yangu ndiyo kazi kubwa kuliko zote zinazofuata, kwa sababu Kiingereza hakina neno moja la "kwa nguvu". Anayevuta wavu kwa nguvu huenda anauvuta kwa uzito wa misuli, naye Mwingereza atasema "hard". Huenda anauvuta bila kukoma ijapokuwa amechoka, na hapo litafaa "doggedly" au "steadily". Huenda anauvuta kwa mshtuko mmoja wa ghafla, na hapo litafaa "sharply". Huenda anauvuta kwa hasira, na hapo atasema "furiously". Kadhalika, anayetembea haraka kwa sababu ana shughuli zake anatembea "briskly", na anayetembea haraka kwa sababu ana wasiwasi anatembea "hurriedly". Neno "quickly" halikosei katika lolote kati ya hayo, lakini halimwonyeshi mtu yeyote.

Nilimuuliza kijana wangu mitumbwi ile inakuja "very quickly" kwa maana ipi. Akafikiri kidogo, akacheka. "Kwa kweli, mwalimu, haiji haraka. Ikikaribia ufukweni wanazima injini, inaingia taratibu. Ila ni mingi, na imebanana." Kielezi chake kilikuwa kinasema uongo. Nguvu aliyoikusudia ilikuwa ya msongamano, na alikuwa ameitafsiri kuwa kasi kwa sababu neno la kasi ndilo lililokuwa karibu na mkono wake.

Hatua ya pili: kipe kitenzi nafasi kabla ya kukitafutia msaidizi

Kiingereza kina utajiri mkubwa wa vitenzi vya mwendo, sauti na mguso. Mwenye kutembea polepole kwa uchovu "trudges", mwenye kutembea polepole kwa starehe "strolls", na mwenye kutembea polepole ili asisikike "creeps". Mtu anayeandika "walks slowly" amemwachia msomaji achague mwenyewe kati ya watu hao watatu. Kwa sababu hiyo, kila unapokiona kielezi chenye kiambishi tamati "-ly", kifunike kwa kidole na ujiulize kama kipo kitenzi kimoja kinachoweza kubeba mzigo wote. Mara nyingi kipo.

Baadhi ya vielezi ni vya kufuta moja kwa moja, kwa sababu kitenzi kimekwisha kuyasema hayo hayo. "Shout loudly" ni mfano mzuri, kwani hakuna anayepiga kelele kimyakimya. "Whisper quietly" na "run quickly" ni ndugu zake. Hata hivyo usije ukahitimisha kwamba kielezi hakina kazi penye kitenzi cha aina hiyo. Kina kazi kubwa kikileta jambo ambalo kitenzi hakina, na kina kazi kubwa zaidi kikivutana nacho. "She whispered fiercely" ni sentensi yenye uhai kwa sababu mnong'ono ni wa chini na ukali ni wa juu, nasi tunamwona mama anayemkaripia mwanawe ndani ya daladala bila kutaka abiria wasikie. "He smiled grimly" ni hivyo hivyo: tabasamu lipo, lakini halina furaha. Ukikumbuka namna tunavyosema kwa Kiswahili kwamba mtu alicheka kwa uchungu, utaielewa kanuni hii bila maelezo zaidi.

Nitoe tahadhari moja. Kitenzi kizito kikitumiwa katika kila sentensi huchosha kama vile pilipili katika kila chakula. "Said" na "went" si maneno maskini. Ni kama ugali, yanakaa chini ya vingine vyote. Katika aya ya sentensi tano, mbili zenye vitenzi vikali zinatosha.

Kwa aya yetu, "shout loudly" ilifutwa, tukarudi kwenye Kiswahili chake: akina mama wanabishania bei. Kitenzi cha kazi hiyo ni "haggle". Tulipokipata, tukajiuliza kama kuna jambo ambalo hakijasema, tukaona lipo: "haggle" haisemi kama wanabishana kwa mzaha au kwa ukali. Tukaongeza "fiercely". Hicho ndicho kielezi pekee chenye "-ly" kilichobaki hadi mwisho.

Hatua ya tatu: heshimu maneno yaliyozoea kuandamana

Sisi tunasema giza totoro, na nyeupe pe. Hakuna mtu aliyewahi kusema giza pe, na ukimuuliza mzee yeyote sababu, atakwambia hivyo ndivyo inavyosemwa. Kiingereza nacho kina maandamano yake, na hayafuati mantiki ya lugha nyingine. Mvua kubwa hunyesha "heavily", wala si "strongly", lakini upepo unavuma "strongly" au "hard". Anayeshukuru kutoka moyoni anashukuru kwa kina, "deeply grateful". Aliyekata tamaa kwa uchungu ni "bitterly disappointed". Mwenye kukataa katakata "flatly refuses". Hoteli inayosifiwa ni "highly recommended", na wewe mwenyewe ukiipendekeza kwa mkazo, "strongly recommend" nayo inasikika ya kawaida. Uchaguzi wenye ushindani mkali ni "hotly contested". Aliyeumia vibaya ni "badly hurt", na aliyekufa akaacha pengo ni "sorely missed".

Andamano la namna hii lina faida mbili kwa mwandishi. Linatia nguvu bila kuonekana kwamba linajitahidi, na linamwonyesha msomaji kwamba mwandishi anaijua lugha. Ubaya wake ni kwamba huwezi kulibuni. Ni lazima ulikute kwa wenyeji wa lugha. Mwenye kamusi ya maneno yanayoandamana atazame chini ya nomino, kitenzi au kivumishi chake, ambako vielezi vyake vya kawaida vimeorodheshwa. Asiyekuwa nayo aandike kishazi chake ndani ya alama za kunukuu katika mtambo wa kutafutia wa intaneti, asome sentensi nne au tano zinazotoka katika magazeti ya wenye lugha hiyo, na asiitegemee idadi ya matokeo inayoonyeshwa juu, kwa sababu makosa yetu sisi sote nayo yamehesabiwa humo.

Hatua ya nne: mpunguzie kazi "very"

Neno hili lina historia inayostahili kujulikana. Liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha zamani, na asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kweli. Hapo mwanzo lilikuwa likifanya kazi ya "hasa" au "kweli kweli" yetu, kisha likatumiwa mno hadi ukali wake ukaisha. "Really" nalo limepita njia hiyo hiyo, na "terribly" na "awfully", ambayo zamani yalibeba hofu, leo mtu anaweza kuyatumia kusifia keki. Vielezi vya kiasi huchakaa kuliko vingine vyote, kama vile ngazi za nyumba zinavyolika pale watu wanapokanyaga zaidi.

Ili ujue wakati wa kuliondoa, tenganisha vivumishi vya aina mbili. Vipo vinavyopanda na kushuka, kama "tired", "cold", "big"; hivyo vinakubali "very". Vipo ambavyo vimekwisha kufika kileleni, kama "exhausted", "freezing", "enormous", "impossible"; hivyo havikubali "very", bali vinakubali "absolutely", "completely" au "utterly". Ukiandika "very exhausted", msikivu wa Kiingereza atahisi kama wewe unavyohisi ukisikia mtu amekufa sana. Njia ya mkato ni kuchukua kivumishi cha kileleni na kukiacha bila kielezi chochote: "The porters were exhausted" ina nguvu kuliko "The porters were very tired".

Neno "quite" lina mtego wake, na mimi niliwahi kunaswa nalo. Miaka kadhaa iliyopita nilimwandikia mgeni mmoja kutoka Uingereza kumpendekezea kijana mwingine wa kumtembeza, nikasema ni "quite good", nikidhani nimemsifia. Mgeni akajibu kwa adabu kwamba angependa mtu mwenye ujuzi zaidi. Kwa Mwingereza, "quite" mbele ya kivumishi kinachopanda na kushuka mara nyingi ina maana ya "kiasi", hivyo nilikuwa nimesema kijana huyo si mbaya. Mbele ya kivumishi cha kileleni neno hilo hilo lina maana ya "kabisa", kama katika "quite impossible". Kijana alikosa kazi kwa sababu ya kielezi changu, na hadi leo huwa nalisoma mara mbili neno hilo kabla ya kulituma.

Hatua ya tano: angalia umbo na mahali

Umbo halihitaji maneno mengi. Kiambishi "-ly" kinatokana na neno la kale la Kiingereza lenye maana ya mwili au umbo, ambalo ni ndugu wa "like" ya leo, kwa hiyo "bravely" ni kama kusema "kwa umbo la jasiri". Ni kazi ile ile inayofanywa na "ki-" yetu katika "kishujaa" au "kitoto". Lakini si kila kielezi kinakichukua: "fast" haigeuki kuwa "fastly", "hard" ikigeuka "hardly" inakuwa na maana ya "kwa shida" au "karibu si", na "late" ikigeuka "lately" inakuwa "siku hizi". Aliyeandika katika barua ya kuomba kazi kwamba yeye "works hardly" amejinyima kazi mwenyewe. Nayo "friendly" na "lively", ijapokuwa yana mkia huo, ni vivumishi.

Mahali panahitaji uangalifu zaidi. Kwa Kiswahili naweza kusema "wanabeba harakaharaka ndoo" na hakuna atakayenisahihisha, ila Kiingereza hakipendi kielezi kikae kati ya kitenzi na yambwa yake, yaani kitu kinachotendwa. "The men carry quickly the buckets" inasikika kama mlango uliopachikwa kinyume. Kipeleke mwisho, "carry the buckets quickly", au kabla ya kitenzi, "quickly carry the buckets". Uchaguzi kati ya sehemu hizo mbili si wa bahati nasibu. Katika Kiingereza uzito wa sentensi hukaa mwishoni, hivyo kielezi kikiwekwa mwisho ndicho msomaji atakachobaki nacho, na kikiwekwa kabla ya kitenzi kinapita bila kusimamisha mtu. Kikiwekwa mwanzo kabisa kinatangaza jambo linalokuja: "Slowly the ferry turned" humfanya msomaji asubiri kivuko kigeuke. Tumia nafasi ya mwanzo kwa nadra. Hasa "suddenly" ikiwa mwanzo hufanya kinyume cha kazi yake, kwa sababu inamwambia msomaji ajiandae, na aliyejiandaa hashtuki. Ukitaka mvua imshtue, ilete bila kumpigia hodi.

Hatua ya sita: jifunze vielezi vifupi, kwa sababu humo ndimo ilimo nguvu

Shuleni tulifundishwa kwamba kielezi cha Kiingereza ni neno lenye "-ly", na tukaachwa na fikra kwamba ukitaka nguvu zaidi utafute neno refu zaidi. Naona hilo ndilo lililotuharibia Kiingereza kuliko jambo lingine lolote. Vielezi vyenye nguvu kubwa katika lugha hiyo ni vile vya silabi moja au mbili: "up", "down", "off", "out", "away", "in", "back", "through", "straight", "clean", "wide", "tight". Hivi ndivyo vinavyofanya kazi iliyo karibu kabisa na tanakali zetu.

Zilinganishe mwenyewe. Kijiti kilichokatika kacha kwa Kiingereza "snapped clean in two". Mtoto aliyelala fofofo ni "fast asleep", na asiyepata usingizi ni "wide awake". Aliyelowa chapachapa ni "soaked through". Giza totoro ni "pitch dark". Kimya jii ni "dead silent". Mlango uliofungwa ndi umefungwa "shut tight". Nyoka aliyekufa kabisa, asiyetikisika hata mkia, ni "stone dead". Hakuna "-ly" hata moja hapo. Siku nilipoutambua ulinganifu huu niliacha kuamini kwamba Kiswahili kinamzuia mtu kuandika Kiingereza chenye uhai. Sikio la tanakali tunalo tayari, tulikosa tu kuonyeshwa dirisha la upande wa pili.

Vifupi vingine huambatana na kitenzi na kukipa mwelekeo. "The engine roared" ni sauti tu, lakini "the boat roared off" ni sauti na mwendo, na ufukwe unabaki mtupu nyuma yake. "Away" ikifuata kitenzi cha kazi huonyesha mtu anayeendelea bila kukoma na bila kujali: "the drummers pounded away" inakupa wapiga ngoma ambao hawajui kama kuna mtu anawatazama. "Up" mara nyingi huonyesha kumaliza kabisa, kama katika "drink up", ambayo humhimiza mtu asibakize kitu kikombeni.

Matumizi yenye nguvu kuliko yote ni kukitanguliza kielezi cha mwelekeo na kugeuza mpangilio wa sentensi. Chukua ngoma ya Bugobogobo, ambayo wageni huiona katika makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, ambamo wachezaji hurusha majembe hewani na kuyadaka. Ukiandika "The dancers throw the hoes into the air very skilfully and catch them again", umetoa taarifa. Sasa isome hii: "Up go the hoes, round they spin, and down they come into waiting hands." Maneno ni ya mtoto wa shule ya msingi, hakuna hata moja la kutafuta kwenye kamusi, na bado jembe linaonekana likizunguka. Zingatia kanuni moja ndogo: mtenda akiwa nomino anakuja baada ya kitenzi, "up go the hoes", lakini akiwa kiwakilishi, kama "they", anakaa kabla yake, "down they come". Ukiandika "down come they", utakuwa umeharibu ulichojenga.

Umbo hili lisitumike zaidi ya mara moja katika ukurasa mmoja, kwani linasikika kama mtu anayesimulia kwa mikono, na mtu hawezi kupunga mikono muda wote.

Hatua ya saba: jua maandishi yasiyotaka vielezi hivi

Mjini kwetu hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. MV Bukoba ilizama ikikaribia bandari ya Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere ilipinduka ikikaribia kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Mwandishi chipukizi anayeandika habari kama hizo kwa Kiingereza hushawishika kuweka "tragically", "horribly" na "helplessly", akidhani anawaheshimu waliokufa. Huwa anasimama mbele yao na kumzuia msomaji asiwaone. Tarehe, saa, umbali kutoka nchi kavu, idadi ya waliookolewa na majina ya vijiji walikotoka yanatosha, yakipangwa kwa utulivu. Vielezi vya kubaki ni vya mahali na wakati peke yake. Ripoti ya afya, maelezo ya polisi na taarifa ya kuomba fedha za mradi navyo vimo katika kundi hili, kwa sababu nyingine iliyo rahisi zaidi: anayezisoma hutafuta kiasi, na neno "greatly" si kiasi.

Hatua ya nane: isome kwa sauti, kisha ufute kimoja

Tulipomaliza hatua zote tulikaa kwenye jiwe kando ya ziwa, upande wa Capri Point, kijana akaisoma aya yake kwa sauti huku mimi nikiwa nimefumba macho. Kusoma kwa sauti kuna faida ambayo macho hayana, kwa sababu vielezi vinavyofuatana vyenye "-ly" huanza kugongana kama mapambio ya kitoto, na ulimi hukwama penye neno lisilo na kazi. Popote ulimi unapokwama, weka alama. Ukimaliza, futa kielezi kimoja ambacho unakipenda kuliko vyote na usome tena. Kama sentensi haikuumia, usikirudishe. Yeye alikuwa na "majestically" kwa ajili ya mitumbwi. Ilimuuma, lakini ikaondoka.

Sentensi ya mwisho, "It is really very beautiful", ilifutwa yote. Mgeni aliyeoneshwa soko vizuri hahitaji kuambiwa ahisi nini. Aya ikabaki hivi:

"Before sunrise the boats come nosing in, one close behind another. Barefoot men splash ashore, tip their buckets out and wade straight back for more. The women haggle fiercely over every basin. Then down comes the rain, and off they all run to fold the tarpaulins over the dagaa."

Ihesabu: "in", "close", "ashore", "out", "straight", "back", "down", "off". Vyote ni vifupi, karibu vyote vinasogeza kitu kutoka mahali fulani kwenda mahali pengine, na "fiercely" imekaa peke yake katikati, ndiyo maana inasikika. Neno "dagaa" tuliliacha kama lilivyo, kwa kuwa mgeni atalikuta kwenye sahani yake jioni.

Kijana akaitazama karatasi kwa muda. "Mwalimu, hata 'very' moja huniachii?" Nikamwambia anitafutie mahali ambapo bado ina maana yake ya zamani, ile ya "hasa". Akaenda nayo nyumbani Igoma, na kesho yake asubuhi akanitumia ujumbe wa simu. Alikuwa ameigusa sentensi ya tatu: "The women, waiting at the very edge of the water, haggle fiercely over every basin." Pale penyewe hasa, maji yanapogusa vidole vya miguu. Tukaiacha, na ukurasa ukaenda kuchapwa.